Anayeondoka Robo ya Tatu

Verlin Sedlacek alikuwa na kipimo kimoja tu cha kumjua mtu. Hakuuliza dini yake wala chama alichokipigia kura. Alitaka kujua kama mtu huyo huondoka uwanjani kabla ya mchezo kuisha. Anayebaki mpaka mwisho, hata timu ikichapwa kama ngoma, hata theluji ikimwingia shingoni, huyo ni mtu wa Kearsley. Anayenyanyuka robo ya tatu, kati ya robo nne za mchezo, ili aiwahi barabara kabla ya foleni ana roho ya miji ile ya klabu za kulipwa, na mtu wa namna hiyo Verlin asingemwachia hata mbwa amwangalizie.

Kearsley ulikuwa mji wa chuo. Msimu wa mpira wa Kimarekani, kila Jumamosi nyumba zilibaki tupu, makanisa yalihamisha harusi, na watu wote wenye miguu walivaa kijani wakaenda kuwaona Korongo, timu ya chuo kikuu, wakigongana vifua na kofia ngumu. Ukimuuliza Verlin tofauti ya mji wa chuo na mji wa klabu, alikuwa nayo tayari mdomoni.

"Mchezaji wa Korongo unamkuta dukani Jumatatu ananunua maziwa," angesema. "Kama Jumamosi aliudondosha mpira, unamwambia hapo hapo, naye anakujibu, 'Samahani, mzee,' maana ana mama aliyemlea. Klabu ya kulipwa ina mwenyewe. Mwenyewe akiamka vibaya, anaifungasha kama godoro na kuhamia nayo mji mwingine. Wewe unabaki na fulana."

Na mwaka huo palikuwa na klabu iliyokuwa inafungashwa. Iliitwa Manahodha, ilitoka mji wa pwani ambako watu walichoka kuilipia uwanja, na tajiri wake alikuwa ameutamani mji wa Kearsley, katikati ya jimbo la Nebraska, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Gazeti lilichapisha ramani. Uwanja mpya ulilazwa juu ya Mtaa wa Tuscola, upande wote wa mashariki. Verlin aliiangalia ramani ile kwa miwani, kisha bila miwani, akaona kwamba mahali pa kuwekea mpira katikati ya uwanja palikuwa jikoni kwake.

"Manahodha kwenye mahindi," alisema. "Watampeleka nani wapi?"

Alicheka, lakini usingizi ulimruka. Nyumba ile aliijenga pamoja na mkewe Irma, na Irma alikuwa amefariki baridi ya mwaka juzi. Maua yake yalikuwa bado mbele ya baraza, mekundu na meupe, yakirudi kila mwaka bila kuombwa na mtu. Verlin hakuwa na kitu kingine duniani ambacho Irma alikishika kwa mikono yake na bado kinakua. Aliapa kwamba hatayaacha yakafukiwa kwa saruji ili nahodha asiye na bahari apate mahali pa kuegeshea.

Watu wa klabu walisema wazi kwamba wanautaka upande mzima au hawautaki kabisa. Kwa hiyo wakati wa machipuko wenye nyumba wote walikusanyika kwenye nyasi za Verlin, kila mmoja na bia yake, wakaapa kwamba hakuna atakayeuza. Duane Kruse wa nyumba ya pili ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Duane alikuwa rafiki wa Verlin tangu walipokuwa wote na nywele. Alikuwa na koti la kijani la Korongo lililochakaa viwiko, na angezikwa nalo, kama mkewe Arlys alivyopenda kutania, maana hakulivua. Katika miaka yote ile hakuwahi kuondoka uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho.

Basi mgeni alipojitokeza Jumamosi ya kwanza ya Septemba, Verlin alikuwa tayari amekaa chonjo.

Nyasi za Verlin hazikulipiwa kwa pesa. Siku ya mchezo uliegesha gari lako pale, ukafungua nyuma, ukawasha jiko la mkaa, na malipo yako yalikuwa chakula ulichopika nyumbani kwako. Familia zilikuwa zile zile mwaka hadi mwaka. Yupo aliyeleta soseji, yupo aliyeleta keki za matunda za bibi yake wa Kicheki, na Arlys alileta sufuria la mchuzi mzito wa nyama ya kusaga na maharage, unaoliwa na mkate wa mdalasini. Mtu wa kutoka majimbo mengine akicheka mchanganyiko huo aliombwa akacheke mbali.

Mgeni alikuja na gari la kukodi, jeupe, safi mno. Akateremka mtu mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini hivi, amevaa fulana ya kijani ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alisema anaitwa Curtis Ballew. Mkononi alikuwa na keki ya kununua, ndani ya plastiki yake.

Verlin aliiangalia ile plastiki.

"Karibu," alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

"Asante, mzee. Samahani, hii kona ni yako mpaka wapi?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu, nisije nikakaa kwa mtu. Na mtaa huu unafungwa saa ngapi?"

Verlin alimjibu, kisha akaenda moja kwa moja kwa Duane aliyekuwa anageuza soseji.

"Umemsikia? Anauliza mipaka yangu."

Duane hakuinua macho. "Mipaka?"

"Kona ni yangu mpaka wapi. Mtaa unafungwa saa ngapi. Mtu anayekuja kuangalia mpira anauliza mipaka?"

"Mh," Duane alisema. Aligeuza soseji moja iliyokuwa imeshageuzwa. "Mimi nisingemwondolea macho, Verlin."

"Na viatu vyake umeviona? Anasema anatoka magharibi, kwenye ng'ombe. Viatu visafi hivyo ng'ombe gani wamevikanyaga?"

"Ng'ombe wa kwenye ramani," alisema Duane, na wote wawili wakacheka.

Uwanjani Verlin na Duane walikuwa na viti vyao vya siku zote, na katikati yao kiti cha Irma. Verlin alikuwa bado anakilipia. Kilikaliwa na blanketi la kijani la Irma lililokunjwa, na hakuna mtu katika safu ile aliyethubutu hata kuweka kikombe juu yake. Wakati wa mapumziko, wanaume hawa wawili walifanya walivyofanya sikuzote: walikimbilia foleni ya choo kisha foleni ya vinywaji, wakarudi mchezo unapoanza tena. Irma alipokuwa hai hakwenda nao. Alibaki kitini peke yake, nao walimletea kahawa.

Siku ile Verlin aliporudi alitoa darubini yake, akaitumia kumtafuta Curtis Ballew. Alimpata mbali, pembe ya kusini, karibu na bendi. Na hapo, robo ya tatu ilipoanza tu, timu ikiwa nyuma kwa pointi chache na kila mwenye moyo amesimama, yule mtu alinyanyuka, akashuka ngazi, akatoka nje kwa lango la kusini.

"Ameondoka!" Verlin alimshika Duane kiwiko. "Robo ya tatu! Nilikwambia!"

"Uliniambia," Duane alisema.

Verlin alitamani kumfuata, lakini asingeweza. Sheria yake mwenyewe ilimfunga kitini. Akakaa mpaka mwisho, Korongo wakashinda, safu nzima ikaimba wimbo wa chuo mikono mabegani, naye akaimba huku roho iko nyumbani. Alipofika, gari jeupe lilikuwa bado limesimama pale pale kwenye nyasi, na mwenyewe amelala ndani, kofia usoni.

Hilo ndilo lililomkosesha raha kabisa. Anayeondoka mapema huondoka na gari lake. Huyu aliondoka lakini hakwenda popote. Kwa hiyo muda ule wote, mtaa ukiwa mtupu, nyumba hazina watu, alikuwa wapi? Anafanya nini?

Arlys ndiye aliyeongeza kuni. Arlys hakwenda tena uwanjani kwa sababu ya magoti. Alikaa kwenye kochi dirishani.

"Alikuja akatoa masanduku kwenye gari, shemeji," alimwambia Verlin. "Makubwa. Akayabeba kuelekea nyuma ya uwanja."

"Masanduku ya nini?"

"Sasa mimi nitajuaje? Sikumuuliza."

"Vyombo vya kupimia," alisema Duane haraka, kutoka nyuma yake. "Siku hizi viko hivyo. Unasimamisha kitu cha miguu mitatu, unachungulia, umemaliza mtaa."

Arlys alimtazama mumewe kwa muda, kisha akarudisha uso dirishani.

Jumamosi iliyofuata ambayo Korongo walicheza nyumbani, Verlin aliamka na mapambazuko. Hakupata hata kunywa kahawa. Curtis Ballew alikuwa ameshafika, yuko kwenye nyasi peke yake, anatembea. Lakini hakutembea kama mtu anayetembea. Alinyanyua kila hatua sawasawa na nyingine, kifua mbele, midomo ikihesabu kimoyomoyo mpaka nane, kisha akaanza tena. Alitoka kwenye njia ya gari akafika kwenye maua ya Irma, akageuka kwa kisigino, akarudi. Kisha akatoa simu akaipiga picha kona, kutoka huku, kisha kutoka kule.

Machale yakamcheza Verlin hadi kwenye meno.

Hakupiga kelele. Usimwage mtama penye kuku wengi, alijiambia, na kwanza akaenda kumwamsha Duane. Alitaka kupitia mlango wa nyuma kama ilivyo kawaida yake, lakini geti la ua lilikuwa na kufuli. Ndipo alipokumbuka kwamba Duane mwaka huu hakuruhusu watu kuegesha magari nyuma. Alisema amepanda nyasi mpya, zinapumzika. Verlin akazunguka akagonga mbele.

"Anapima," alisema mlango ulipofunguka. "Anapima kwa miguu, Duane. Nimemwona kwa macho yangu."

Duane alisimama mlangoni na koti la kijani juu ya nguo za kulalia. Alipitisha mkono usoni.

"Basi mfukuze," alisema.

"Leo?"

"Unangoja nini? Mfukuze mbele ya watu, ili na hao waliomtuma wasikie. Wewe ndiye uliyetuapisha. Wewe ukilegea, mtaa wote utalegea."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Verlin alingoja familia zote zifike, majiko yawake, watu washike vikombe. Kisha akaenda kwenye gari jeupe. Curtis Ballew alikuwa anapanga masanduku yake. Safari hii alikuwa amekuja na mikate ya mdalasini ndani ya taulo la jikoni, kwa hakika ya kupika mwenyewe, maana iliungua upande mmoja.

"Chukua vitu vyako uondoke kwenye nyasi zangu," Verlin alisema.

Maongezi yakakatika. Soseji ziliendelea kulia peke yake.

"Nimekosa nini, mzee?"

"Unaondoka robo ya tatu."

"Ni kweli, lakini ile ni kwa sababu..."

"Sitaki hadithi. Unauliza mipaka yangu. Unapima nyasi zangu kwa hatua. Unapiga picha kona yangu. Mtaa ukiwa mtupu unatembeza masanduku. Waambie waliokutuma kwamba Sedlacek hauzi. Hauzi leo, na akifa atawaachia mbwa."

Mtu mmoja nyuma alipiga makofi, mwingine akafuata. Curtis Ballew aliwaka uso mzima. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache akiaibishwa hadharani hata hayo machache humpotea. Alifunga sanduku. Akachukua ile mikate, akaiangalia, akairudisha garini. Alikuwa ameshaketi kwenye usukani alipoteremsha kioo.

"Mimi sijui mnauziana nini hapa," alisema. "Lakini kama unawatafuta wapimaji, niliwaona jana jioni nilipopita njia ya nyuma. Watatu, wana vizibao vya kung'aa. Walikuwa ua wa nyuma wa yule bwana mwenye koti. Aliwaletea kahawa."

"Mwongo mkubwa!" Verlin alisema.

"Sawa, mzee," Curtis alijibu, akaondoa gari polepole asikanyage maua.

Watu walimpongeza Verlin. Walimpa soseji, wakampiga mgongoni. Alitafuna bila kusikia ladha. Alimtafuta Duane kwa macho amkonyeze, wacheke pamoja, lakini Duane alikuwa ameinama juu ya jiko lake kama mtu aliyedondosha kitu ndani ya makaa. Duane, ambaye hakuna mzaha aliouacha upite, hakuwa amepiga makofi.

Ni hilo lililomnyanyua Verlin. Alizunguka nyumba ya pili, akafika kwenye geti lenye kufuli. Ni mtu wa miaka sitini na tisa, na goti moja ni la chuma, lakini alipanda juu ya pipa la taka akachungulia.

Nyasi mpya hazikuwepo. Zilikuwepo zile zile za zamani, na ndani yake vigingi vya mti vimepigiliwa kwa mstari mzuri, kila kimoja na utepe wa rangi ya chungwa ukipeperuka. Juu ya ngazi ya mlango wa nyuma vilikuwa vikombe vinne ambavyo havijaoshwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema, na nguo yenyewe ilikuwa ya kijani, imechakaa viwiko.

"Shuka, Verlin, utavunjika," alisema Duane nyuma yake.

Verlin alishuka. "Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Tuliapa."

"Tuliapa na bia mkononi. Hata ndoa haifungwi hivyo." Duane alijaribu kucheka, cheko likakataa. "Arlys analala kwenye kochi tangu Pasaka. Ngazi zimemshinda. Anaoga kwenye sinki la jikoni, unalijua hilo? Kuna nyumba isiyo na ngazi kule kaskazini, na hawa watu walinipa pesa ya kuinunua."

"Ungeniambia ningekujengea chumba chini. Mimi na vijana wa mtaa, wiki mbili tu."

"Ungejenga. Na ungenisimulia kila Jumamosi mpaka nife."

Hilo lilikuwa kweli.

"Hakuna anayeuza mji wa chuo, Verlin," Duane alisema, na sasa sauti yake ilipanda. "Uko wapi huo mji? Mrusha mpira wetu wa mwaka huu hiki ni chuo chake cha tatu. Mwakani atakuwa cha nne. Analipwa kuliko daktari wa Arlys. Ulimkuta dukani lini? Ana mtu wa kumnunulia maziwa! Hao wa kulipwa unaowaogopa walishafika, tena wamevaa kijani, na wewe unawapigia makofi."

"Na yule mtu?" Verlin aliuliza. "Yule uliyeniambia nimfukuze mbele ya watu?"

Duane alitazama chini, kwenye viatu vyake.

"Nilitaka uangalie upande mwingine," alisema.

Verlin angeweza kumpiga. Mkono ulimjia. Lakini kutoka mbele watu walikuwa wanaita kwamba saa imefika, na miguu ya watu hawa wawili, iliyofanya safari ile ile miaka yote ile, iliwapeleka uwanjani wote wawili bila kuulizwa. Walikaa kwenye viti vyao. Kati yao lilikaa blanketi. Nusu nzima ya kwanza Verlin hakuona mpira. Alikuwa anaipitia miaka yote aliyokaa na Duane, akiikagua mmoja mmoja kama mtu anayekagua viazi vilivyoguswa na kimoja kilichooza. Ni lini tena alinidanganya? Kwenye mazishi ya Irma alilia kwa kweli? Alikuwa na uchungu kiasi kwamba hata machozi ya msibani aliyatilia shaka.

Kipenga cha mapumziko kililia. Duane alinyanyuka kwa mazoea.

"Unakuja?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siendi popote na wewe," Verlin alisema, na kwa sababu hiyo, na hiyo tu, alibaki kitini. Alivuta blanketi la Irma akalilaza magotini.

Basi ikawa mara ya kwanza katika maisha yake kuitazama bendi kwa makini.

Waliingia kwa malango yote mawili, vijana mia mbili na zaidi. Alichokiona kwanza ni miguu. Kila hatua sawasawa na nyingine, kifua mbele, midomo ya wasiopuliza ikihesabu. Walifika kwenye mstari, wakageuka kwa kisigino, wakarudi. Verlin aliinua darubini taratibu. Aliijua hatua ile. Alikuwa ameiona asubuhi kwenye nyasi zake, kutoka njia ya gari hadi kwenye maua.

Mwisho wa safu ya nyuma alikuwapo msichana mwembamba, mrefu, amejivika tuba, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu mwili mzima kama chatu. Lilimlemea. Kila walipogeuka alichelewa kidogo, akakaza meno, akawapata wenzake. Na pembe ya kusini, amesimama peke yake kati ya watu waliokaa, baba yake alikuwa anainua miguu pale pale alipo, moja, nyingine, moja, nyingine, kumsaidia kuhesabu kutoka mbali. Kofia ilikuwa mkononi na kichwa kilikuwa kile kile cha mtu aliyelala kwenye gari jeupe.

Verlin akayaelewa yote kwa mpigo mmoja, na hakuna hata moja lililomwacha salama. Mtaa unafungwa saa ngapi: bendi hupita Tuscola ikienda uwanjani. Kona ni yako mpaka wapi, na zile picha: mtu alitaka mahali pa kusimama amwone mwanawe akipita. Na robo ya tatu? Verlin aliona vijana wakimaliza, wakitoka kwa lango la kusini badala ya kurudi kwenye viti vyao. Mama mmoja wa safu ya chini alikuwa anamweleza mwenzake kwamba robo ya tatu ndiyo wanayopumzishwa, na wazazi huwapelekea chakula kwa masanduku nyuma ya uwanja, kwani watoto hawa tangu alfajiri hawajala.

Irma alikuwa analijua hilo. Irma aliyebaki kitini kila mapumziko, mwaka hadi mwaka, akishuhudia haya, na mumewe akimletea kahawa iliyopoa na kumweleza habari za foleni ya choo. Wala mumewe hakuwahi kumuuliza umeona nini. Verlin aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

Duane alirudi. Alikuwa na kahawa mbili, akamnyooshea moja. Chini uwanjani robo ya tatu ilianza, timu zilikuwa sare, na watu wote walisimama.

Verlin alisimama pia. Akalikunja blanketi, akaliweka kwapani, na akaanza kupenya kuelekea kwenye ngazi.

"Verlin?" alisema mtu wa kiti cha pembeni, mtu aliyemfahamu kwa Jumamosi tu kwa miaka thelathini. Alitazama saa kubwa ya uwanja, kisha akamtazama Verlin kuanzia viatuni kupanda juu. "Ni robo ya tatu."

"Najua."

"Unakwenda wapi?"

Safu nzima iligeuka. Nyuso zote za kijani, nyuso za watu wanaobaki mpaka mwisho.

"Jamani," mwanamke mmoja wa nyuma alisema, "kumbe na Sedlacek ameuza?"

Duane alishusha macho kwenye kahawa zake mbili.

Verlin aliteremka. Nyuma yake uwanja mzima ulinguruma. Mtu alikuwa ameuvusha mpira mstari, na hakujua hata ni wa timu gani. Alikwenda nyumbani, akachukua kwenye nyasi sufuria la mchuzi la Arlys lililokuwa bado moto juu ya jiko, akalifunga kwa blanketi la Irma lisipoe, akarudi nalo mpaka nyuma ya lango la kusini. Vijana walikuwa wamekaa chini na vyombo vyao, wanakula. Curtis Ballew alikuwa anakata mkate ulioungua upande mmoja, na msichana mrefu alikuwa amevua tuba, anajisugua bega.

Msichana ndiye aliyemwona kwanza. "Baba, ndiye yule?"

Curtis aligeuka. Aliliangalia sufuria. Aliangalia kulia na kushoto kwa Verlin, kama anayetafuta waliokuja naye. Kisha akamrudia yeye, akamkagua kwa uangalifu ule ule, kuanzia viatu.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Mke wangu," Verlin alisema, akamnyooshea sufuria.